Namba Sita Hana Mabao ya Kumtetea

Usiku wa Aprili 28, 2010 nilikuwa nimebanana na fundi baiskeli na muuza dagaa kwenye benchi la mbele la kibanda umiza, hapa Nalasi. Jenereta lilikuwa nje chini ya mwembe, na kila lilipokohoa wote tuligeuza shingo kama kuku waliosikia kipanga. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Ilipofika mapumziko mwenye kibanda akapita tena na kopo, akisema petroli haifiki mwisho. Tukachanga. Hakuna aliyekuwa tayari kwenda kulala bila kujua Barcelona wamemaliza vipi.

Ilikuwa mechi ya marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, uwanja wa Camp Nou. Mechi ya kwanza Inter walishinda 3-1 kwao Milan. Hapa walikuwa pungufu tangu dakika ya 28, Thiago Motta alipooneshwa kadi nyekundu, na kwa saa nzima iliyofuata hawakuutaka mpira kabisa. Samuel Eto'o, mshambuliaji aliyezoea kufunga hapo hapo Camp Nou, alikuwa anakaba pembeni kama beki wa akiba. Dakika ya 84 Gerard Piqué akafunga. Bao moja tu zaidi lingewatoa Inter kwa sheria ya bao la ugenini iliyokuwapo wakati huo. Dakika ya 86 kibao kikainuliwa: Eto'o anatoka, McDonald Mariga anaingia.

Kibandani ukazuka ubishi. "Huyu si Mkenya huyu?" "Mkenya wapi, huyo Mghana." Mghana, Sulley Muntari, alikuwa ameshaingia zamani, dakika ya 66, ila kwenye televisheni ile ya inchi kumi na nne weusi wote wa Inter walikuwa mtu mmoja. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini Mombasa ndiye aliyeukata ubishi: "Huyo mtoto wa Noah. Baba yake nimemwona akichezea Leopards." Kukawa kimya. Sisi wa Ruvuma, umbali wa kutembea hadi Msumbiji, ghafla tukajikuta na ndugu uwanjani.

Dakika za nyongeza Bojan Krkić akautia mpira wavuni, mwamuzi akakataa kwa kuwa Yaya Touré aliushika kwa mkono. Filimbi ya mwisho ililia saa sita kasorobo za usiku wetu. Inter wakaenda fainali, na Mei 22 mjini Madrid wakawafunga Bayern Munich 2-0, mabao yote mawili ya Diego Milito. Mariga alikuwa benchi mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo nimesikia sentensi moja redioni, kijiweni na hata kwa makocha wenzangu wanaoheshimika: "Mariga alikaa benchi tu pale Inter." Safu ya leo naiandika kubishana na hilo neno "tu".

Nina maslahi yangu katika kesi hii, na ni vema niyataje mapema. Ujanani nilicheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, mchangani Songea, miaka ambayo Majimaji ilikuwa timu ya kuogopwa. Ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikarudia 1986, ikarudia tena 1998. Wakubwa wa Dar es Salaam waliokuja kucheza Songea enzi za barabara ya vumbi walifika wamechoka, na walirudi wamechoka zaidi. Miaka ile hakuna mtoto aliyesema anataka kuwa namba sita. Sita alipewa mtu asiyejua kupiga chenga wala asiyekimbia sana, ila mbishi. Mimi nilipewa kwa ubishi.

Kwa hiyo najua kazi ile inavyoonekana kutoka nje, yaani haionekani. Mshambuliaji akifunga mara moja katika mechi mbaya, ameokoa siku yake. Kiungo mkabaji akifanya kazi yake dakika 89, mashabiki wanasema timu nyingine leo ilikuwa mbovu. Wiki mbili zilizopita nilimfuatilia kijana wetu wa miaka 15 anayecheza nafasi hiyo katika timu ya watoto hapa kijijini. Niliuacha mpira, nikamtazama yeye peke yake kwa kipindi kimoja. Aligusa mpira mara kumi na moja. Lakini mara saba mchezeshaji wa timu pinzani aliinua kichwa akitaka kupenyeza pasi katikati, akamkuta kijana amesimama kwenye njia, akarudisha nyuma. Mara saba shambulio lilikufa kabla ya kuzaliwa, na hakuna hata mmoja aliyepiga makofi. Baba yake alikuwa pembeni yangu, akaniambia mwanawe "leo hajacheza."

Mariga alizaliwa Nairobi, Aprili 4, 1987, akakulia katika nyumba za reli za Muthurwa. Baba yake, Noah Wanyama, alikuwa winga wa AFC Leopards wa miaka ya themanini. Nyumba nzima ilikuwa ya michezo: ndugu yake Thomas alicheza Sofapaka, dada yake Mercy mpira wa kikapu, na mdogo wake Victor nitamfikia. Akiwa bado kijana mdogo alipita Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline. Mwaka 2005, na miaka 18, akaenda Sweden.

Hapo Sweden ndipo pa kupatazama vizuri, maana vijana wetu wengi hawapatazami. Klabu yake ya kwanza ilikuwa Enköping, timu ndogo ya mji mdogo ambayo hata Wasweden wengi hawaifuatilii. Mwaka huo huo akapanda kwenda Helsingborg, timu ya ligi kuu. Mwaka 2006 klabuni akafika Henrik Larsson, ambaye wiki chache nyuma alikuwa ametwaa Ligi ya Mabingwa na Barcelona na sasa alikuwa amerudi kumalizia mpira kwao. Kijana wa Muthurwa akawa anabadilisha nguo chumba kimoja na mtu wa namna hiyo, anaona anavyonyoosha misuli, anavyokula, saa anayofika mazoezini. Wakala anayekuahidi Uingereza moja kwa moja hakupi shule ya hivyo.

Mwaka 2007 akaenda Parma, Italia, na hakuna Mkenya aliyemtangulia katika ligi ile. Msimu wa kwanza Parma ikashuka daraja. Wengi wangehesabu hilo kama bahati mbaya. Mimi nalihesabu kama msimu uliomtengeneza. Daraja la pili la Italia ni ligi ya viwiko, viwanja vizito na mechi nyingi. Kiungo asiyejua kusimama mahali pake huadhibiwa kila Jumamosi. Chini ya kocha Francesco Guidolin Parma ilirudi Serie A mwaka 2009, na Mariga aliyerudi nayo hakuwa yule aliyeshuka. Alikuwa na urefu wa kushinda mipira ya juu, mapafu ya kwenda na kurudi, na kitu ambacho hakifundishiki kirahisi: alijua lini asiende. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2009/10 ndiyo bora niliyowahi kuona kwa kiungo wa ukanda wetu, na nimewaona wengi.

Kufika dirisha la Januari 2010, Manchester City ya fedha mpya, chini ya Roberto Mancini, ikamtaka. Klabu zikaelewana. Kilichobaki kikawa karatasi moja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo taaluma yake ilipoamuliwa na watu ambao hawajawahi kukaba mtu. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilidai mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa kwa miaka miwili, na taifa hilo liwe limekaa ndani ya 70 bora za FIFA kwa wastani wa miaka hiyo. Sharti la kwanza lilikuwa mikononi mwa Mariga. La pili halikuwa. Kenya ilikuwa mbali nje ya 70, na kibali kikakataliwa. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, akaingia kati kumtetea. Wakati hayo yakiendelea Inter wakapiga hodi Parma, na siku ya mwisho ya usajili, Februari 1, Mariga akawa mchezaji wa José Mourinho.

Watu husimulia kisa hiki kama bahati: mlango mmoja umefungwa, mkubwa zaidi ukafunguka. Sawa, lakini tujiulize ule wa kwanza ulifungwa na nani. Waingereza waliandika sheria tu. Nafasi ya Kenya kwenye orodha ya FIFA iliandikwa Nairobi.

Hesabu ya FIFA ya miaka ile ilikwenda hivi. Kila mechi ilikupa pointi kwa matokeo yake, zikazidishwa kwa uzito wa mashindano na ubora wa mpinzani. Mechi ya kirafiki ilikuwa na uzito wa 1, ya kufuzu 2.5, ya fainali za bara 3, ya Kombe la Dunia 4. Ukichukua wastani wa miaka minne, nchi isiyofika fainali za bara haiigusi kamwe ile 3. Kenya ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004 kule Tunisia, kisha haikurudi hadi 2019. Isitoshe, nchi iliyocheza chini ya mechi tano kwa mwaka ilipunguziwa wastani wake. Yaani kukaa bila kucheza nako kuliadhibiwa.

Sasa weka juu yake migogoro ya uongozi. FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004, ikaifungia tena Oktoba 2006 hadi mapema 2007. Wakubwa waliokuwa wakigombania mihuri na funguo za ofisi hawakuwa na habari kwamba kule Helsingborg kuna kijana ambaye kila mwezi wa ugomvi wao unamchomolea tofali kwenye ngazi yake. Hawakumchukia. Hawakumfikiria kabisa, na matokeo ni yale yale.

Kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo lililonifanya nichague kichwa cha safu hii. Januari 2020 Mbwana Samatta alihamia Aston Villa kutoka Genk. Tanzania wakati huo ilikuwa nje hata ya mia bora. Kibali alikipata. Wapo watakaosema nyakati zilibadilika, wengine watasema klabu ilijieleza vizuri. Mimi naona hivi: Samatta alikwenda kuomba kibali akiwa na mabao mkononi. Alikuwa ametoka kufunga bao Anfield, Novemba 2019, kwenye Ligi ya Mabingwa. Bao ni hati inayosomeka katika kila lugha. Namba sita angepeleka nini? Pasi saba zilizorudishwa nyuma? Ukiondoa mabao, kinachobaki kumtetea ni jina la nchi yake, na jina la nchi linatunzwa na shirikisho. Mshambuliaji wa Kiafrika anaweza kutoboa hata kama shirikisho lake ni bovu. Kiungo mkabaji, mara nyingi, hawezi.

Nirudi kwenye benchi la Inter. Tutaje waliokuwa wakigombea nafasi za katikati: Esteban Cambiasso, Javier Zanetti, Thiago Motta, Dejan Stanković, Muntari, na mbele yao Wesley Sneijder. Kikosi hicho kilitwaa ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa kwa msimu mmoja, jambo ambalo hakuna klabu ya Italia iliyowahi kulifanya kabla yake. Mtu aliingia humo Februari, msimu umeshapita nusu, kocha akiwa mmoja wa wasiobadili kikosi ovyo. Aprili 24, siku nne kabla ya Camp Nou, alianza dhidi ya Atalanta, timu ikafungwa bao la mapema, kisha yeye akafunga la pili katika ushindi wa 3-1. Ubingwa wa msimu ule uliamuliwa siku ya mwisho, Inter wakiwazidi Roma kwa pointi mbili. Zile tatu za Atalanta, ndugu yangu, zilikuwa za nani?

Halafu Camp Nou. Wengi huzichukulia dakika zile nne na nyongeza kama za kupoteza muda. Angalia hali ilivyokuwa: Inter kumi, Barcelona wamepata bao, Piqué amegeuzwa mshambuliaji, krosi zinamiminika. Mourinho alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya kubadilisha mchezaji. Makocha wanajua kwamba kubadilisha kwa mwisho katika dakika kama zile ndiko unakokuombea. Akamtoa Eto'o aliyekwisha miguu na kumwingiza mrefu wa Muthurwa, amlindie mlango wa fainali. Mtu wa "kukaa benchi tu" hapewi ufunguo wa nyumba usiku wa wezi.

Baada ya hapo hadithi inateremka, na sitaikokota. Mourinho aliondoka kwenda Real Madrid kiangazi kile kile. Desemba 2010 Inter walicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi dhidi ya TP Mazembe ya Lubumbashi, wakashinda 3-0. Nakumbuka kibanda chetu kiligawanyika siku ile. Nusu yetu tulikuwa Inter kwa ajili ya Mkenya, nusu Mazembe kwa kuwa ni Waafrika na wanaongea Kiswahili, chao cha Kikongo lakini Kiswahili. Kisha zikaja safari za mkopo: Real Sociedad ya Hispania, Parma tena. Goti likaharibika. Akapita Latina, Real Oviedo na Cuneo, timu za madaraja ya chini ya Italia na Hispania, hadi alipotundika daluga.

Goti la kiungo mkabaji ni suala la kitaalamu na hatulizungumzii vya kutosha. Winga akiumia goti anapoteza kasi, anaweza kujifunza kucheza kwa akili. Kiungo mkabaji anaishi kwa kugeuka. Anapokea mpira akitazama lango lake, anageuka, anapitwa, anageuka, anazuia njia ya kushoto, mpira unahamia kulia, anageuka. Katika mazoezi yetu hapa nawawekea vijana mawe manne, wanakimbia na kugeuka kwa filimbi. Baada ya dakika tano unaona nani ana magoti na nani ana kifua tu. Mariga alirudi uwanjani, ila yule wa Parma ya 2009, anayefika kabla mpira haujafika, hakurudi. Ukiongeza na maisha ya mkopo, kocha mpya na lugha mpya kila msimu, unapata miaka minane ambayo takwimu zake hazivutii. Nakubali. Sibishi kwamba taaluma yake ilikuwa fupi kileleni. Nabisha kuhusu kilele chenyewe.

Na kuna kazi nyingine aliyoifanya bila kuonekana. Mwaka 2007 alimpeleka mdogo wake Helsingborg, kijana wa miaka 16. Yeye alipohamia Italia mdogo hakukaa sana, akarudi nyumbani, kisha akapata njia ya Beerschot ya Ubelgiji. Huyo ni Victor Wanyama. Novemba 7, 2012 aliifunga Barcelona ile ile kwa kichwa, akiwa na Celtic, usiku Waskoti waliposhinda 2-1. Mwaka 2013 Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kisha Tottenham. Tazama: mlango ule ule wa kibali uliomkatalia kaka ulimfungukia mdogo, kwa kuwa kutoka Ubelgiji na Scotland alishakuwa na wasifu usiobishika. Wakenya wengi watakwambia Victor alimzidi kaka yake. Kwa idadi ya misimu mikubwa, kweli kabisa. Lakini njia ya Ulaya ya Kaskazini ilikuwa imeshafyekwa.

Na sisi Watanzania je? Hatuna haja ya kujidharau. Sunday Manara, yule waliyemwita Computer, alicheza Uholanzi na Heracles miaka ya sabini, wakati Muthurwa haijawazia mambo hayo. Nizar Khalfan, kiungo mzaliwa wa Mtwara, mji tunaopelekea korosho zetu, alikwenda Vancouver Whitecaps 2009, na klabu ilipoingia ligi kuu ya Marekani na Kanada mwaka 2011 akawa Mtanzania wa kwanza humo. Siku hizi yupo Novatus Miroshi, aliyepita Ubelgiji akacheza Ligi ya Mabingwa na Shakhtar Donetsk. Ukiwapanga hao watatu utagundua hakuna aliyeanzia ligi kubwa. Walianzia palipowezekana, na waliobaki nyumbani wakisubiri Uingereza bado wanasubiri.

Baada ya kustaafu Mariga akaingia pabaya: siasa. Novemba 7, 2019 aligombea ubunge wa Kibra, Nairobi, kwa tiketi ya chama cha Jubilee, katika ngome ya Raila Odinga, mtu yule yule aliyempigania kibali. Kwanza alizuiwa kwa kuwa jina halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura, baadaye akaruhusiwa. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Kabla matokeo hayajatangazwa rasmi akachukua simu, akampigia mshindi, akampongeza. Video ilizunguka kote. Nchi yenye historia ya chaguzi kama ile ya jirani zetu haikuzoea kuona simu ya namna hiyo. Mimi nilicheka peke yangu. Nilimwona namba sita: mechi imekwisha, punguza joto, watu waende nyumbani salama.

Desemba 7, 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka Kenya, chini ya Hussein Mohammed. Sasa yumo ndani ya ofisi ile iliyomnyima tofali. Na tusidhani mambo yalikuwa yamenyooka baada ya yeye kustaafu: serikali ililivunja shirikisho Novemba 2021, FIFA ikaifungia Kenya Februari 2022 hadi Novemba mwaka huo, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikakosa hata kuwania nafasi ya Kombe la Mataifa lililofuata. Kuna viungo wakabaji wa miaka 18 na 19 ambao kipindi kile kiliwachomolea matofali yao. Majina yao hatutayajua kamwe, kwa kuwa mtu asiyefika haandikwi.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Harambee Stars iliifunga Morocco, ikaongoza kundi, ikatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Taifa Stars nasi tukaishia robo fainali, mbele ya Morocco hao hao. Mwaka 2027 nchi zetu tatu zinaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, nafasi adimu ya kucheza mechi za uzito mkubwa nyumbani. Uingereza nayo tangu 2021 inatumia mfumo wa pointi, ambao bado unaitazama nafasi ya nchi yako FIFA, pamoja na ligi unayotoka. Kazi ya Mariga na wenzake wa mashirikisho ya Tanzania na Uganda ni rahisi kuitaja: mechi za kirafiki kwenye kila dirisha la FIFA, ligi za vijana zisizokatika, na ofisi isiyofungiwa. Hakuna shabiki atakayepiga makofi kwa lolote kati ya hayo. Kwa maneno mengine ni kazi ya namba sita, na wamempata mtu anayeijua. Akishindwa hatakuwa na kisingizio cha kutojua.

Niseme hukumu yangu, kila mtu aibebe apendavyo. Wanyama alikuwa na taaluma ndefu kuliko kaka yake. Samatta amefunga mabao ambayo viungo wote wa ukanda huu wakiyakusanya hawayafikii. Divock Origi alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, na baba yake, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars, ila mtoto alivaa jezi ya Ubelgiji. Hakuna mchezaji mwingine wa Harambee Stars, Taifa Stars wala Uganda Cranes mwenye medali ya ubingwa wa Ulaya. Aliyenayo ni kiungo mkabaji wa Muthurwa.

Jumamosi saa kumi jioni, uwanja wa shule ya msingi, watoto wetu wanacheza na wale wa kijiji cha pili. Yule kijana wa miaka 15 ataanza. Nimeshazungumza na baba yake, atakuja. Ninyi pia njooni, na kwa dakika kumi tu uacheni mpira, mtazameni yeye.